Supu Iliyokosea Mlango

"Kimefika wapi?" Mama aliuliza.

"Kinakuja, Mama."

"Umeniambia kinakuja tangu adhuhuri."

Alisema kweli. Alikuwa amekaa kwenye kochi, goti lake lenye mshono limeegeshwa juu ya mto, dawa zake zimepangwa mezani zikisubiri chakula. Zile dawa hazitaki tumbo tupu, na tumbo lenyewe la Mama lina vidonda vya miaka mingi. Pilipili kwake ni sumu.

Jumamosi ile nilikuwa nimetoka kazini mapema, kwenye duka la miwani ninakopima watu macho, nikafika nyumbani nikakuta gesi imekwisha na muuza gesi hapokei simu. Nikaingia kwenye ile apu ya kuagiza chakula, nikachagua supu ya kuku. Pale pa maelezo nikaandika: bila pilipili tafadhali, ni ya mgonjwa. Apu ikaniahidi dakika ishirini. Zilipokwisha ikaongeza nyingine, kisha nyingine tena, kwa furaha ile ile, kama mtu anayekukopa huku anacheka.

Nikafungua ramani. Kapikipiki kadogo kalikuwa kanatoka hotelini kakielekea upande usiokuwa wetu. Nikadhani dereva anakwepa foleni. Kakapita daraja, kakapita soko, kakasimama. Simu ikalia kidogo mkononi.

*Chakula chako kimefikishwa. Furahia mlo wako.*

Nikaenda kufungua mlango. Ngazini palikuwa na ndoo ya jirani na paka wa jirani, na paka alinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyechelewa kuletwa.

"Kimefika?" Mama akauliza.

"Kimefika, ila si hapa."

Hii haikuwa mara ya kwanza. Mara mbili nilikuwa nimemwagizia chakula nikiwa kazini, mara mbili nikaambiwa kimefika, na jioni nikamkuta Mama anatafuna mkate mkavu. Nililalamika nikajibiwa kwamba kwa mujibu wa kumbukumbu zao chakula kilipokelewa mlangoni na mteja. Nilibadilisha anwani ya nyumba, nikaifuta, nikaiandika upya. Kwenye simu yangu ilisoma kwa Mama. Kwao sijui ilisoma nini.

Nikawaandikia tena huduma kwa wateja.

*Chakula hakijafika.*

*Habari mpendwa mteja. Asante kwa maoni yako.*

*Sijatoa maoni. Nimesema mgonjwa hajala.*

*Pole kwa usumbufu. Je, ungependa kutupa nyota ngapi?*

Nikaiweka simu chini kabla sijaitupa. Nilipoichukua tena nilitafuta namba ya dereva nikampigia. Alipokea kwa sauti ya mtu mwenye dhamiri safi.

"Dada, nimeshakabidhi. Kapokea yule kaka wa siku zote."

"Kaka gani wa siku zote?"

"Yule mrefu wa ghorofa ya juu kabisa. Mwenye ovaroli la bluu. Kila nikimpelekea anafurahi, mara ya kwanza alinishika mkono hakutaka kuuachia. Leo tu ndiyo kapokea akanyamaza."

Nilikaa kwenye mkono wa kochi. Ovaroli hilo nimelifua mimi. Najua hata pale mfukoni palipochanika na uzi nilioshonea.

"Dada, upo?" dereva akauliza.

"Nipo. Asante, kaka."

Kabla sijaishusha simu sikioni iliita tena, na kwenye kioo likatokea jina nililoliandika mwenyewe kwa hasira siku niliyoondoka nyumbani kwangu: Usipokee.

Nikapokea.

"Miwani," akasema.

Hakuna mtu mwingine duniani anayeniita hivyo.

"Naam, Fundi."

"Kuna supu imekuja hapa."

"Najua. Samahani. Ni hiyo apu, nimebadilisha anwani mpaka nimechoka."

"Imeandikwa ni ya mgonjwa." Akasita. "Nani anaumwa?"

"Mama. Amefanyiwa upasuaji wa goti."

Akanyamaza. Kile kimya nilikijua kuliko nilivyojua sura yangu, kwa sababu nilikuwa nimeishi ndani yake kama mke.

Mume wangu ni fundi wa lifti. Mchana kutwa yumo ndani ya mashimo ya maghorofa, ananing'inia kwenye kamba, anasikiliza vyuma. Jioni anarudi, anaoga, anakula, ananitazama kwa macho mazuri, basi. Ukimuuliza siku ilikuwaje, anasema nzuri. Ukimuuliza unawaza nini, anasema hakuna. Sikupigwa, sikutukanwa, sikulala njaa. Nilinyamaziwa. Na mtu akikunyamazia muda mrefu, unaanza kujisikia kama samani. Siku moja nikamwambia nakwenda kwa Mama kupumzika wiki moja. Akasema sawa. Hilo *sawa* ndilo lililonifungasha nguo zote badala ya za wiki moja. Wiki ikapita, mwezi ukapita, hakuja. Mama akasema mwenye kutaka chake hukifuata, akampigia simu mjomba wangu. Mjomba alikuwa aje kesho yake, Jumapili, twende wote nikachukue vyombo vyangu, mambo yaishe kwa heshima.

"Hakuna aliyeniambia," Fundi akasema hatimaye.

"Ungeuliza, ungeambiwa."

Nilisikia akimeza mate. "Miwani, ule wali na samaki wa siku ile. Na yule kuku wa siku nyingine. Navyo vilikuwa vya Mama?"

"Wewe ulidhani ni vya nani?"

"Vyangu," akasema. "Vilikuwa na jina lako juu. Nikadhani umeniletea."

Mama alikuwa ananitazama. Nikageukia dirishani ili asione uso wangu.

"Nilikuandikia kukushukuru," akaendelea, polepole, kama mtu anayeshuka ngazi gizani.

"Ujumbe wako nilikuwa naufuta bila kuusoma."

"Nilihisi hivyo. Lakini nikasema, mtu anaweza kukunyima sauti yake na bado asitake ulale njaa."

Nilimwona akilini akiwa peke yake kwenye ile meza yetu ndogo inayoyumba mguu mmoja, amefungua ule wali kwa uangalifu, akila zawadi ambayo hakuna aliyemtumia.

"Naileta supu," akasema.

"Usihangaike, ni mbali. Nitatafuta kitu."

"Nimeionja. Wameijaza pilipili mpaka machozi yananitoka. Mpe Mama kipande cha mkate anywe dawa ya kwanza. Mimi nakuja."

Akakata kabla sijamkatalia.

"Nani huyo?" Mama akauliza, ingawa alikuwa amesikia kila kitu.

"Fundi. Supu imekwenda kwake."

"Na yeye anakuja hapa."

"Anakuja."

Mama akavuta shuka lake vizuri juu ya miguu. "Mjomba wako anakuja kesho. Nilidhani tumeshaelewana."

"Analeta chakula tu, Mama."

"Chakula tu," Mama akarudia. "Na mbona umeanza kukusanya magazeti yaliyo sakafuni?"

Nikayatazama magazeti mikononi mwangu, sikujua nimeyaokota saa ngapi.

Alipobisha hodi jua lilikuwa limeanza kulegea. Nilisimama nyuma ya mlango kwanza, nikajifuta viganja kwenye gauni, ndipo nikafungua.

Amekonda. Hilo ndilo la kwanza nililoliona. La pili, shati lake jeupe lilikuwa limefungwa vifungo kwa kuruka kimoja, upande mmoja juu, mwingine chini. Mikononi alikuwa amekumbatia sufuria iliyoviringishwa taulo la kuogea na kukazwa kamba kwa fundo lile la kazini kwake, fundo ambalo hata tetemeko haliwezi kulifungua. Akanitazama. Mimi kazi yangu ni macho. Nayachungulia kutwa nzima kwa taa ndogo, kwangu ni mishipa na mboni tu. Lakini yale mawili yaliniangalia hadi nikasahau kumwambia apite.

"Ni nzito kidogo," akasema.

"Pita."

Akavua viatu mlangoni, akainama. "Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Umebeba mtoto au umebeba sufuria?"

"Supu, Mama. Ile ya hotelini isingekufaa, nikapika nyingine."

"Umepika wewe."

"Nimejifunza."

"Na ile ya hotelini umeipeleka wapi?"

"Niliila wakati nasubiri hii ichemke. Mpaka sasa ulimi wangu siusikii."

Mdomo wa Mama ukatikisika upande mmoja, ukatulia. Si mtu wa kununuliwa kwa kicheko. Nilileta bakuli na kijiko, Fundi akafungua lile fundo kwa vidole viwili, mvuke ukapanda. Harufu ya tangawizi na kitunguu saumu ikajaa sebule. Mama akaonja. Sote wawili tulisimama tukimtazama kama watu wanaosubiri matokeo ya mtihani.

Akaonja tena.

"Karoti umezikata kubwa," akasema.

"Nilikuwa na haraka, Mama."

"Mwenye haraka hukata ndogo, ziive upesi." Akavuta kijiko cha tatu. "Kaa chini basi, unanizibia mwanga."

Fundi akakaa kwenye ncha ya kiti. Mama alikula, na alipofika mwisho akaliinamisha bakuli akanywa mchuzi uliobaki. Kisha akameza dawa zake, akaegemeza kichwa nyuma, akafumba macho. Sijui kama alilala au alitufichia tu macho yake.

Nilichukua bakuli nikaenda nalo jikoni. Fundi akanifuata, akasimama kwenye fremu ya mlango, kichwa karibu kigonge juu.

"Kwa nini hukuja?" nikamuuliza huku nimempa mgongo. Nilifungua bomba ili maneno yasisikike sana.

"Nilipiga simu."

"Sikupokea, najua. Nauliza kwa nini hukuja wewe mwenyewe, kwa miguu yako."

"Nilimpigia Mama. Akasema umechoka, nikuache upumzike, ukipoa utanipigia. Wiki iliyofuata nikapiga tena. Na iliyofuata. Akaniambia nikija nitakuharibia."

Nikafunga bomba.

"Mama alikuambia hivyo?"

"Sikumlaumu. Alikuwa anakulinda." Akajikuna shingo, kama anavyofanya akitafuta hitilafu isiyoonekana. "Halafu chakula kikaanza kuja. Ule wali wa kwanza nililia, Miwani. Nilikula nikilia, ukawa hauhitaji chumvi. Nikasema, anapoa. Kikaja cha pili, nikasema, anapoa kweli. Nikajiapia, kikija cha tatu nakwenda kumchukua, hata Mama akinifungia mlango."

"Na leo kikaja cha tatu."

"Leo kikaja cha tatu, kimeandikwa cha mgonjwa." Akatabasamu, tabasamu la mtu aliyepigwa. "Nilikaa na ile supu mkononi, nikahesabu upya kila kitu. Kumbe nilikuwa namlia mama mkwe wangu chakula chake."

Nilicheka. Sikutaka kucheka, kicheko kikanitoka, na katikati yake kikageuka kuwa kitu kingine, nikalazimika kushika ukingo wa sinki. Akapiga hatua moja kuja kwangu, akasimama hapo. Hakunigusa. Aliuweka mkono wake kwenye sinki, karibu na wangu, kidole chake kidogo kikagusana na changu.

"Umesema maneno mengi leo," nikamwambia.

"Nyumba imekuwa kimya mno."

"Wewe si unapenda kimya?"

"Nilidhani ni changu, nimezaliwa nacho. Kumbe nilikuwa natoka kwenye kimya cha kazini, nakuta nyumba umeijaza maneno, najilaza ndani yake napumzika. Sikujua kwamba yule anayeyajaza anachoka. Ulipoondoka nikaanza kuongea na sufuria." Akashusha sauti. "Sufuria hazijibu. Nikaelewa ulivyokuwa unajisikia."

"Hukuelewa. Umeelewa nusu."

"Nieleze nusu nyingine."

Katika ndoa yetu yote hakuwahi kuniambia neno hilo. Basi nikamweleza. Nilimwambia jinsi nilivyokuwa naanza hadithi mezani na kuziacha njiani, nione kama ataniuliza mwisho wake. Hakuuliza hata moja. Nilimwambia kuhusu siku niliyoshona nywele mpya nikakaa nazo jioni nzima. Nilimwambia lile *sawa* lilivyonikata. Hakujitetea. Kila nilipotua alisema, "Endelea," na mimi nikaendelea mpaka nikaishiwa.

"Zile nywele niliziona," akasema mwishoni. "Nilikuwa natafuta neno zuri. Mpaka nalipata ulikuwa umeshalala."

"Lilikuwa neno gani?"

Akaniambia. Hilo nitabaki nalo mwenyewe.

Tuliporudi sebuleni Mama alikuwa macho. Alikuwa anakunja na kukunjua pembe ya shuka lake.

"Kuta za nyumba hii ni nyembamba," akasema, "na bomba lenyewe mlilifunga."

Fundi akasogea nyuma. "Nitasubiri nje, Mama."

"Kaa. Linakuhusu."

Nikapiga magoti mbele ya kochi. "Mama, alikuwa anapiga simu?"

"Alikuwa anapiga."

"Mbona hukuniambia?"

Nje mtu alikuwa anaburuta kitu kizito ngazini.

"Ulikuja hapa umekuwa kama uzi," akasema. "Nikasema huyu nikimrudisha atakatika. Hiyo ilikuwa mwanzoni, na wala sijutii. Baadaye ukaanza kunenepa, ukaanza kuimba bafuni, nikajua sasa unaweza kuambiwa. Halafu goti likaniangusha." Akaufumba mkono wake juu ya shuka. "Nikazoea kusikia ufunguo wako mlangoni jioni. Mzee akizoea kitu kizuri, mwanangu, anakuwa mchoyo kuliko mtoto."

Nililaza kichwa kwenye paja lake la upande mzima. Akaniwekea mkono kichwani, mzito, wenye harufu ya dawa ya kuchua.

"Siendi popote mpaka utembee," nikamwambia.

"Nitatembea. Daktari amesema nitatembea. Si hilo ninaloogopa."

Ndipo Fundi, ambaye hajawahi kuchangia neno kwenye kikao chochote cha ukoo, akakohoa kidogo. "Mama, mimi niko tayari kuja kila jioni kutoka kazini. Nipike, tule wote. Na hata ukishapona, tutakuja. Ukisikia ufunguo mlangoni utakuwa ni wetu."

"Karoti zako hizo kila jioni?"

"Nitazikata ndogo."

Mama akamtazama kwa muda mrefu, kuanzia nywele hadi soksi. "Nikikukuta umemnyamazia mwanangu tena, nitakuja kwako na goti langu hili bovu, na sitaondoka."

"Karibu sana, Mama."

"Na shati umelifunga vibaya."

Fundi akajitazama kifuani, akashtuka, akaanza kufungua na kufunga, masikio yamemwiva. Mama akanigeukia. "Sasa mjomba wako nimwambieje? Ameshanunua tiketi."

"Mwambie aje tu," nikasema. "Ila apitie mtungi wa gesi njiani."

Nilimsindikiza Fundi mpaka kituo cha basi. Tulikwenda taratibu, sufuria tupu ameining'iniza mkono mmoja, mwingine ameniachia niushike au nisiushike. Nikaushika. Wenye maduka walikuwa wanashusha bidhaa zilizotundikwa nje na kuziingiza ndani, na mwanga wa jioni ulikuwa umelala barabarani.

"Ile apu unaifuta?" akaniuliza.

"Nimeshaifuta. Kabla haijafutika iliniuliza kama nina hakika."

"Ukasemaje?"

"Nikasema nina hakika."

Akanikaza vidole. Tulikaa kwenye benchi la kituoni. Basi lake likaja, mlango ukafunguka, watu wakashuka. Alinyanyuka nusu.

"Siku yako ilikuwaje leo?" nikamuuliza.

Nilimuuliza bila kufikiri, kwa mazoea ya miaka, na mara nikaogopa jibu. Akasimama vile vile, sufuria mkononi, akinitazama. Dereva wa basi akapiga honi kidogo. Fundi akampungia mkono aende, akakaa tena.

"Asubuhi," akasema, "tuliitwa kwenye jengo moja, lifti imekwama kati ya ghorofa mbili. Ndani kuna bibi harusi, baba yake, na keki. Sasa baba mtu anaogopa sana lifti, na bibi harusi ana njaa."

"Wakaila keki?"

"Subiri, sijafika huko."

Basi jingine likaja likapita, na yeye alikuwa bado anasimulia.